Tarehe 1 Agosti: Sikukuu ya Wazazi, Walio Hai na Waliotutangulia

Kila serikali hupenda kuweka sikukuu zake. Serikali ikiondoka, mara nyingi sikukuu hizo huondoka nayo. Lakini katika nchi yetu ya Kongo iko siku moja iliyoandikwa na serikali ambayo leo haipo tena, na siku yenyewe ingali hai. Haina gwaride wala hotuba. Ni tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi walio hai na waliokufa. Twataka kueleza kwa nini imedumu, na kwa nini sisi watu wa Goma, wa Katindo na wa mitaa mingine, hatuna budi kuitunza.

SIKU ZILIZOKUJA NA KUPITA

Wakati wa Wabelgiji sikukuu kubwa ya serikali ilikuwa tarehe 21 Julai. Ilikuwa ukumbusho wa Mfalme Leopold wa Kwanza, aliyekula kiapo cha ufalme kule Bruxelles siku kama hiyo mwaka 1831. Wazee wetu waliiona ikisherehekewa hapa Kongo, lakini jambo lililokumbukwa lilikuwa la nyumba ya watu wengine.

Tarehe 30 Juni 1960 tukapata siku yetu wenyewe. Hata maneno ya wimbo wa taifa yalitungwa na padri wa Kongo, Simon-Pierre Boka wa Shirika la Yesu. Mwaka ule ule Goma ikapata askofu wake wa kwanza, Mgr Joseph Mikararanga Busimba. Siku hiyo imedumu, na ni haki idumu. Lakini ni sikukuu ya barabara na ya uwanja: tunatoka nje kuitazama.

Baadaye, mwaka 1971, nchi ikaitwa Zaire, na kalenda ikajaa. Tarehe 20 Mei ilikuwa siku ya chama cha MPR. Tarehe 14 Oktoba ilikuwa siku ya vijana, nayo ndiyo siku aliyozaliwa Rais Mobutu. Tarehe 24 Novemba ilikuwa ukumbusho wa siku aliyotwaa utawala mwaka 1965. Na mwaka 1974 Noeli ikafutwa katika orodha ya sikukuu za serikali. Watu waliambiwa waende kazini tarehe 25 Desemba kama siku nyingine.

Basi, mwezi wa Mei 1997 utawala ule ukaanguka. Mwulizeni kijana wa leo tarehe 14 Oktoba ni siku gani, hatajua. Lakini Noeli haikufa, maana ilitunzwa kanisani na nyumbani, na leo imerudi katika orodha ya serikali. Na tarehe 1 Agosti, iliyokuwamo katika orodha ile ile ya Zaire, imebaki vilevile. Kwa nini? Kwa sababu serikali haikuianzisha heshima kwa wazazi. Iliikuta nyumbani kwetu, ikaipa siku moja ya mapumziko.

WAZEE WETU NA UBATIZO WETU

Inafaa tukumbuke kwamba miaka ile ilikuwa migumu kwa Wakristu. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya ubatizo, ikawaamuru watu kuchukua majina ya wazee wao. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipopingana na mambo hayo, alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Wengi walidhani basi kwamba mtu sharti achague: ama wazee wake, ama watakatifu.

Watu wa kawaida hawakuchagua. Nyumbani mtoto aliitwa kwa jina la babu yake, na kwa jina la mtakatifu wake pia. Tena Kanisa lenyewe lilionyesha kwamba mawili hayo yanaweza kukaa pamoja. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire. Katika Misa hiyo, mwanzoni kabisa, tunawaita watakatifu, kisha tunawaita wazee wetu waliomtumikia Mungu kwa moyo mnyofu. Hatuwaabudu, tunasimama pamoja nao mbele ya Mungu.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ilipata nguvu yapata miaka elfu iliyopita kwa Mtakatifu Odilo, abati wa Cluny katika Ufaransa. Aliwaamuru watawa wa nyumba zake kuwaombea wafu siku hiyo. Desturi ya nyumba ile ikaenea, ikawa ya Kanisa lote. Ndivyo sikukuu nzuri zinavyokua: huanza nyumbani, na sheria huja nyuma.

JINSI TUNAVYOIFANYA

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti watu huchukua majembe, panga na ndoo ya maji, huenda makaburini. Majani hukatwa, msalaba hupakwa rangi upya, maua huwekwa, watu husali. Baba humwonyesha mtoto: hapa yupo babu yako, alikuwa mtu wa kazi fulani, alitoka mlima fulani. Kisha watu hurudi nyumbani, na sasa ni zamu ya wazazi walio hai. Watoto huwaletea kitambaa, sukari au kuku, kila mtu kadiri ya mfuko wake. Bugali huwekwa mezani pamoja na sombe na sambaza wa ziwa letu, na jirani huitwa. Mzee huketi mbele, husimulia ukoo, hubariki. Ni kweli wengine hufanya siku hii kuwa ya pombe tu, na jioni hawajui tena walikuwa wakimkumbuka nani. Hao wamekula sikukuu wakaacha maana yake.

MAKABURI YA GOMA

Lakini hapa kwetu kuna shida ambayo miji mingine haina. Goma imejengwa juu ya mawe ya moto ya Nyiragongo. Kaburi huchimbwa kwa taabu, na historia imeyatawanya makaburi yetu.

Mwezi wa Julai 1994 karibu watu milioni moja waliingia kutoka Rwanda kwa siku chache. Kipindupindu kikaua maelfu yao, wakazikwa wengi pamoja, bila majina. Mwaka 1998 tarehe 1 Agosti ilikuwa Jumamosi. Kesho yake, Dominika, vita vipya vikaanza papa hapa Goma. Katika miaka hii tarehe 2 Agosti imewekwa kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa katika vita vya Kongo. Hivyo siku ya wafu wa nyumba inafuatwa na siku ya wafu wa nchi.

Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima ulipita katikati ya mji, ukaifunika katedrali ya Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoka tena. Na mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia mjini, wafu wakawa wengi kuliko wachimba makaburi. Tena wako majirani waliokimbia Masisi na Rutshuru: makaburi ya wazazi wao yako mbali, na njia ya kwenda huko imejaa hofu.

Mtu wa namna hiyo afanye nini tarehe 1 Agosti? Hapo ndipo jirani anapokuwa ndugu. Wazee husema mwacha asili ni mtumwa; lakini asili si udongo wa kaburi peke yake. Ni majina, na majina yanaweza kuchukuliwa begani hata usiku wa kukimbia.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kila nyumba iandike katika daftari majina ya marehemu wake, mahali walipozaliwa na siku waliyokufa, maana karatasi hukimbia nasi lakini jiwe hubaki. Pili, mnapokwenda makaburini, safisheni pia kaburi la jirani lisilo na mtu. Na katika shirika lenu someni majina ya wafu ambao makaburi yao hayafikiki. Tatu, mama mjane asiye na mtoto karibu, na yatima asiye na wa kumpelekea zawadi, wasile peke yao siku hiyo. Wakaribisheni. Kiti kimoja zaidi hakiwezi kuimaliza sufuria.

Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, wala haisemi mpaka wafe tu. Anayeitii tarehe 1 Agosti hana haja ya kulazimishwa na serikali yoyote.