Pini Moja, Kazi Sita

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kuna stori moja ya kompyuta ambayo sijawahi kuiacha, na inapita Nyeri.

Katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mtafiti Ciira wa Maina na wenzake walitumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi kurekodi sauti za ndege. Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012, prosesa yake, BCM2835, ilikuwa na pini 54 za GPIO. Kila pini huweza kupokea au kutoa umeme kawaida tu, ama ipewe kazi maalum, hadi sita. Chukua GPIO 18. Inaweza kubeba saa ya maikrofoni ya kidijitali, au itoe mipigo ya kupunguza mwanga wa taa. Zote mbili kwa pamoja, haiwezekani. Sasa nani anaamua?

Zamani kila mtengenezaji wa chipu aliamua kivyake. Ndani ya kerneli ya Linux, bodi za ARM zilikuja na mafaili yao ya C, namba za rejista zimeandikwa humo moja moja. Draiva mbili zikigombea pini, mara nyingi hakuna onyo. Kifaa kinanyamaza tu, nawe unakesha ukikagua waya. Machi 2011 Linus Torvalds alichoka na fujo hiyo ya ARM, akaisema hadharani kwa maneno ambayo shosho hangependa.

Mwaka huohuo Linus mwingine, Walleij wa Sweden, alikuwa akiandika pinctrl. Ni kama karani wa stage: draiva inaomba pini kwanza, jina linaandikwa, na anayekuja wa pili kutaka kazi nyingine anakataliwa. Baadaye mpangilio wenyewe ukahamia kwenye devicetree, faili la maandishi linaloeleza bodi, lenye hali kama "default" na "sleep", kwa sababu kifaa kikilala pini zake huenda zikahitaji mpangilio tofauti.

Karani huyu ana huruma kupita kiasi, kwa maoni yangu. Asipowekewa "strict", draiva moja inaweza kushika pini kwa kazi maalum na nyingine iitumie kama GPIO.

Daftari lake liko wazi. Ukiwa na bodi na ruhusa ya root, ingia /sys/kernel/debug/pinctrl, usome faili la pinmux-pins. Halikuulizi cheti. GPIO 18 ikiwa haina mwenyewe, utakuta imeandikwa UNCLAIMED.