Lugha ya mazingira ni ipi Kakuma?

Walimu wengi wamefunzwa kwamba kuna mwanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kushikashika, na kwamba kila mmoja sharti afundishwe kwa mtindo wake. Nadharia hii imependwa mno vyuoni. Ila mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walizipekua tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha wa kuitetea. Mimi sishangai. Tofauti zinazomlemea mwalimu wa Turkana ni za aina nyingine kabisa, nazo zina historia.

Tuanzie Lodwar. Serikali ya kikoloni iliifunga Turkana, mtu wa nje asiingie bila kibali. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, alipelekwa kuzuiliwa Lodwar. Eneo lililofaa kuficha watu halikuonekana kufaa kujengewa shule, nazo zikachelewa sana. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ikapendekeza Kiingereza kifundishie tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi, 1976, ikageuza usukani: madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule.

Kwa Lodwar, sera hiyo inaeleweka. Tena mwalimu wa Kiswahili ana mtaji hapo. Kiturkana si lugha ya Kibantu, lakini nomino zake huvaa viambishi mwanzoni: watu ni Ngiturkana, lugha yao ni Ngaturkana. Mtoto aliyezoea hilo hatashangazwi na Mturkana, Waturkana na Kiturkana. Hizi ngeli zinazowatoa jasho wanafunzi wa Nairobi, si zingeanzia hapo?

Ukisafiri kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini magharibi, sera inakwama. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kwa kuwapokea vijana wa Sudan, wengi wao bila wazazi, waliokuwa wamekimbia Ethiopia baada ya Mengistu kung'olewa mwaka 1991. Baadhi yao walijifunza herufi kwa kuzichora mchangani. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongomani, Warundi na wengineo. Darasa moja huweza kuwa na watoto zaidi ya mia, barobaro kaketi ubavuni mwa mtoto mdogo. Lugha ya mazingira ni ipi hapo? Kidinka? Kisomali? Kiturkana cha wenyeji? Kamati ya 1976 ilikuwa imemwaza mtoto wa kijiji cha lugha moja.

Jibu la kawaida, kama ilivyo mijini, ni Kiswahili. Nakubali, lakini Kiswahili cha nani? Mtoto wa Kivu huingia darasani akiwa tayari anakizungumza. Anasema "batoto", wenzake wanaangua kicheko, mwalimu anatia alama nyekundu. Kesho yake hanyanyui mkono. Jamani! Hiyo ba- ndiyo iliyomo katika neno "Bantu", ambalo Wilhelm Bleek alilitumia katika karne ya 19 kuitaja jamii yetu ya lugha. Mtihani unataka "watoto", naam, na afundishwe hivyo. Lakini aambiwe pia kwamba lugha ya nyumbani kwao ina kanuni zake.

Kijana aliyesomeshwa Kiarabu huko Sudan akisikia sita, saba na tisa, anazitambua papo hapo. Kazi yake ni nne na tano. Msomali analijua neno kitabu. Tena Kisomali kinaandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1972, ila x kwao ni h ya kooni. Mwalimu asiyelijua hili atadhani mtoto hajui kusoma.

Lodwar sasa ina chuo kikuu kishiriki. Ningetamani wanaoandaa walimu huko watunge kijitabu, hata cha kurasa ishirini tu: kushoto Kiturkana, Kidinka, Kisomali, Kiarabu na Kiswahili cha Kongo, kulia, Kiswahili sanifu. Walimu wa Kakuma wenyewe wanayo mifano ya kukijaza.