Makala ni ya Nani?

Ninyi msomao ukurasa huu baada ya matangazo, someni polepole, na pale penye majina na miaka msome mara mbili.

Mtu akiisha kujua kuandika, mara nyingi huuliza: je, naweza kupeleka khabari gazetini nikalipwa, na ilhali mimi si mtumishi wa gazeti? Naam, unaweza. Watu wa namna hiyo huitwa waandishi wa kujitegemea. Hawana mshahara wa mwezi. Huuza makala moja moja, kama mvuvi auzavyo samaki wake akishuka chomboni. Lakini samaki akiisha kuuzwa huliwa, na mambo yake yakesha. Makala yakiisha kupigwa chapa huweza kukaa miaka mia, na jina lililowekwa juu yake likakaa nayo. Basi na tuwatazame waliotutangulia.

Hapa Unguja, mwaka wa 1888, gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi lilianza kupigwa chapa Kiungani, katika skuli ya misioni iliyokuwa nje kidogo ya Mji Mkongwe. Vijana waliosoma hapo wakapelekwa bara kufundisha, na kutoka huko wakaandika barua za khabari za vijiji walivyokaa. Hawa ni miongoni mwa watu wa mwanzo wa pwani hii kuandika khabari kwa Kiswahili ili zisomwe na watu wasiowajua. Barua zao zilikuwa na majina yao, na jambo hilo si dogo, kama mtakavyoona.

Sasa twende Shangani, kwenye nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye nyote mwamjua kwa jina la Tippu Tip. Alikuwa mzee, safari zake za Manyema na Kongo zimekwisha. Mjerumani mmoja wa ubalozi wa Ujerumani hapa Unguja, Heinrich Brode, alimtaka aandike maisha yake. Mzee akaandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Brode akayageuza maandishi kwa herufi za Kizungu, akayafasiri kwa Kijerumani, na mwaka wa 1902 na 1903 yakatoka katika jarida la wataalamu mjini Berlin. Jina la Tippu Tip lilikuwapo juu yake. Mwaka wa 1905, mwaka ule ule aliokufa mzee, Brode alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya maisha hayo hayo. Mimi simlaumu kwa hilo, kwani hakuficha ametoa wapi. Lakini soma maandishi ya Tippu Tip mwenyewe, uone. Pembe za ndovu zimehesabiwa kwa frasila. Waliozibeba mabegani kutoka Manyema mpaka pwani, wapagazi na watumwa, hawakuulizwa neno. Mwenye kalamu ndiye aliyechagua nani asikike, na mpaka leo twayasoma mambo hayo kwa sikio lake yeye.

Tuvuke bahari kidogo mpaka Bagamoyo, kwa sababu jambo la pili lilimpata mtu wa huko. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka wa 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka wa 1903 kilitoka Ujerumani kitabu kikubwa, Desturi za Wasuaheli, chenye khabari za ndoa, mazishi, ngoma, kilimo na sheria za watu wa pwani. Sehemu kubwa aliiandika Mtoro, na watu wengine wa pwani wakaongeza yao. Jina la jaladani lilikuwa la Mjerumani Carl Velten, aliyekusanya maandishi. Na mjue kwamba mkataba wa mataifa wa kulinda kazi za waandishi ulikwisha kutiwa sahihi mjini Bern, Uswisi, tangu 1886, na Ujerumani ilikuwamo. Mtoro alikufa Berlin mwaka wa 1927. Kitabu kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka wa 1981, kwa tafsiri ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa kwenye jalada. Miaka 78 ilikwisha kupita tangu chapa ya kwanza. Kazi njema ilikuwa yake, na sifa ilikwenda kwa mwingine maisha yake yote.

Jina basi ni haki. Lakini jina pia ni mzigo. Mwaka wa 1954 gazeti la Al-Falaq, la Jumuiya ya Waarabu hapa Unguja, lilitoa makala yaliyoikosoa serikali ya Mwingereza. Serikali iliishitaki kamati nzima ya Jumuiya kwa kosa la uchochezi. Angalieni jambo hili: mtu mmoja hushika kalamu, lakini kizimbani wakasimama wengi. Na msidhani ni mambo ya ukoloni tu. Gazeti la Dira, lililoanza hapa Zanzibar mwaka wa 2002, lilifungwa na serikali mwaka wa 2003. Kwa hiyo mwandishi apelekaye makala makali ampe mhariri ushahidi wake wote kabla ya chapa, sio baada ya askari kubisha hodi.

Na yule unayemwandika je? Shaaban Robert wa Tanga alikuwa karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944. Chakula chake kilitoka kwenye ukarani, mashairi na insha akiandika kando. Alipotaka kuandika maisha ya Siti binti Saad, yule mwimbaji aliyezaliwa Fumba na kuuza vyungu mjini kabla ya kujulikana, alimwendea mwenyewe, akasikiliza. Siti alikufa mwaka wa 1950. Laiti asingeulizwa alipokuwa hai, leo tungekuwa na maneno ya watu juu yake, na watu, mwajua wenyewe, walikuwa na maneno mengi juu ya mwanamke aimbaye. Mimi kazi hiyo naiweka juu ya zote nilizozitaja leo.

Sasa mambo ya mkononi. Kabla ya kuyatoa makala yako, muulize mhariri: nitalipwa kiasi gani, lini, na jina langu litatokea wapi? Jibu litake kwa maandishi, hata kama ni mistari miwili. Weka nakala yako nyumbani. Usiyauze makala yale yale kwa magazeti mawili bila ya kuwaambia. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2003, na afisi yake, COSOZA, iko hapa hapa. Ukidhulumiwa, mlango wa kwanza ni huo. Na akikupa mtu pesa ili umwandike vizuri, mrudishie, kwani hayo tena si makala, ni tangazo.

Kazi ya nyumbani: mwendee mzee mmoja wa mtaa wenu, umwombe akueleze kazi aliyokuwa akifanya ujanani. Andika nusu ukurasa. Kisha mrudie, umsomee yote kwa sauti, na akisema neno fulani liondoke, liondoe. Juu ya karatasi andika majina mawili, la msimuliaji na la mwandishi. Mje nayo Jumatano.