Mahekalu ya Gujarat na Ushahidi wa Mawe

Msomaji, wengi wa Wahindi wanaokaa Kenya, wazee wao walitoka Gujarat, nchi iliyo magharibi ya Bara Hindi, ng'ambo ya bahari ambayo hututenga nao na pia hutuunganisha nao. Kwa karne nyingi upepo wa kaskazi ulileta majahazi ya huko mpaka Mombasa, Malindi na Lamu, na upepo wa kusi ukayarudisha kwao. Wareno walipoanza kuingia katika bandari zetu, mwaka 1498 na miaka iliyofuata, walikuta vitambaa vya Gujarat vikiuzwa na wafanya biashara wake wakijulikana. Hata lugha yetu ilipokea maneno kutoka upande huo; anayesema "laki" anahesabu kwa neno la Bara Hindi.

Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua habari za nchi hiyo yenyewe, kule majahazi yalikong'oa nanga? Nataka tuizuru pamoja. Tutaona mahekalu, visima, na mwamba mmoja uliojaa maandishi. Nakuomba jambo moja tu: usitazame kwa macho peke yake. Kila ufikapo, uliulize jiwe lililo mbele yako: nani alikuweka hapa, kwa ajili gani, na nani ametuletea habari zako?

Tuanzie Junagadh, chini ya mlima Girnar. Wasafiri wengi hupita mbio kwenda kupanda mlima huo, kwa maana juu yake yapo mahekalu ya Wajaini na ya Wahindu, na njia yake ni ngazi za mawe elfu kadha wa kadha. Wewe usiwe na haraka. Simama kwanza chini, penye mwamba mkubwa uliojengewa nyumba ya kuuhifadhi. Mwamba huu waliuandika wafalme watatu. Wa kwanza ni Ashoka, aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Yeye aliandika maagizo 14, akiwasihi watu wasiue wanyama ovyo, wawatii wazazi, na wasitukane dini za wenzao. Wa pili ni Rudradaman, aliyeandika yapata mwaka 150 baada ya Kristo. Wa tatu ni Skandagupta, wa karne ya 5. Herufi za Ashoka zilisahauliwa kabisa, hata watu wakawa wakizitazama pasipo kujua zasema nini, mpaka Mwingereza James Prinsep alipofaulu kuzisoma mwaka 1837.

Rudradaman alijisifu kwa vita vyake, kama ilivyo desturi ya wafalme. Lakini habari kubwa aliyoandika ni habari ya bwawa. Anasema kwamba bwawa hilo, jina lake Sudarshana, lilijengwa zamani za Chandragupta, babu yake Ashoka, na kwamba zamani za Ashoka lilichimbiwa mifereji. Kisha ikaja tufani kubwa, ukuta ukabomoka, maji yakakimbia yote. Mawaziri walikata tamaa, na watu wakalia. Mfalme akaamuru ukuta ujengwe upya kwa mali ya hazina yake mwenyewe, bila kuwatoza watu kodi wala kuwafanyisha kazi ya shokoa. Miaka 300 baadaye ukuta ulibomoka tena, na watu wa Skandagupta wakautengeneza, wakaandika habari hiyo katika mwamba uleule.

Je, tumwamini Rudradaman asemapo kwamba hakumtesa mtu? Mwenye kujisifu hastahili kuaminiwa upesi. Lakini fikiri kidogo. Mfalme hujisifia jambo ambalo watu huliona kuwa jema. Ikiwa alijisifia kutowafanyisha watu kazi ya nguvu, basi twajua kwamba kazi ya nguvu ilikuwako, na kwamba watu waliichukia. Hivyo hata majivuno ya mfalme yaweza kutupa habari ambayo yeye hakukusudia kutupa.

Karibu na Junagadh uko msitu wa Gir. Ukiingia humo utaona simba wa Asia, ambao leo hawapatikani porini po pote duniani nje ya Gujarat. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kutoweka, wakalindwa, na hesabu ya mwaka 2025 iliwakuta 891. Mtoto wa Kenya akifika Gir hatajiona mgeni sana.

Sasa twende kaskazini, mpaka Modhera. Hapa pana Hekalu la Jua, lililojengwa zamani za Mfalme Bhima wa Kwanza, wa ukoo wa Chaulukya, ambaye mji wake mkuu ulikuwa Patan. Mbele ya hekalu utaona birika kubwa la mstatili, ambalo pande zake ni ngazi zinazoteremka mpaka majini, na kati ya ngazi hizo vimejengwa vihekalu vidogo vidogo. Nyuma ya birika kuna ukumbi wa nguzo zilizochongwa kila upande, na nyuma ya ukumbi kuna hekalu lenyewe. Hekalu limeelekea mashariki, na siku zile ambazo usiku na mchana hulingana, miali ya kwanza ya jua huingia moja kwa moja mpaka chumba cha ndani. Mnara wake umekwisha anguka, lakini mawe yaliyosalia yatosha kukuonyesha kwamba mafundi wale walijua hesabu za jua na mwenendo wake.

Si mbali na hapo, mjini Patan, pana Rani ki Vav, yaani Kisima cha Malkia. Yasemekana kilijengwa na Udayamati, mke wa Bhima, kwa kumkumbuka mumewe, mwishoni mwa karne ya 11. Usidhani ni kisima cha kamba na ndoo. Ni jengo lililopinduliwa: badala ya kupanda juu, lashuka ardhini tabaka saba, na katika kuta zake mna sanamu kubwa zaidi ya 500 na ndogo zaidi ya 1,000. Gujarat ni nchi ya mvua chache, na aliyewapa watu maji aliheshimiwa kama aliyejenga hekalu. Malkia huyu alifanya yote mawili kwa pamoja. Baadaye mto Saraswati ulifurika, kisima kikajaa tope, kikasahauliwa kwa karne nyingi. Tope hilohilo ndilo lililozihifadhi sanamu, hata zilipofukuliwa katika karne ya 20 zikaonekana kama zilizochongwa juzi. Mwaka 2014 kisima hicho kilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu mwaka 2018 picha yake imo katika noti ya rupia 100.

Tumefika sasa penye habari ngumu. Mfalme Bhima huyuhuyu ndiye aliyekuwa akitawala wakati Sultani Mahmud wa Ghazni, kutoka nchi iitwayo leo Afuganistani, alipovuka jangwa na jeshi lake na kufika Somnath, mnamo Januari 1026. Somnath ni hekalu la mungu Shiva, lililo ufuoni mwa bahari. Bhima aliukimbia mji wake. Mahmud alilivunja hekalu, akaivunja sanamu yake, akachukua mali nyingi, na watu wengi waliuawa. Hayo hayana shaka.

Shaka huanzia hapo. Waswahili husema, mwamba ngoma huvuta kwake. Na Somnath ni ngoma iliyowambwa na watu wengi. Washairi na waandishi wa masultani walikuza habari, wakaongeza mali na mauti, ili kumtukuza bwana wao. Lakini al-Biruni, mwanachuoni aliyeishi zama zilezile za Mahmud, alitoa sababu ya utulivu ya umaarufu wa Somnath: ulikuwa bandari, kituo cha mabaharia waliokwenda na kurudi kati ya Sofala, katika nchi ya Zanji, na Uchina. Nchi ya Zanji, msomaji, ni pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki.

Basi tuyaulize mawe. Jiwe moja la Modhera lina mwaka ulio sawa na 1026 au 1027. Kwa hiyo ufalme wa Bhima haukufa kwa pigo lile. Karibu na wakati uleule mafundi wake walikuwa kazini. Huko Somnath, jiwe la mwaka 1169 lasema kwamba hekalu lilikuwa limechakaa, na kwamba Mfalme Kumarapala alilijenga upya. Halimtaji Mahmud hata kidogo.

Jiwe la tatu ndilo la ajabu kuliko yote. Ni la mwaka 1264, nalo liliandikwa kwa lugha mbili, Kisanskriti na Kiarabu, na tarehe yake katika Kisanskriti imetolewa kwa kalenda nne. Lasema kwamba Nuruddin Firuz, mwenye jahazi kutoka Hormuz katika Ghuba ya Uajemi, alipata kiwanja karibu na Somnath ili ajenge msikiti. Wakuu wa mji walikubali, na miongoni mwao alikuwamo kuhani wa Shiva. Yaliwekwa mapato ya kulipia taa, maji na watumishi wa msikiti, na ikaandikwa kwamba kitakachobaki kipelekwe Maka na Madina. Katika Kisanskriti, Mungu wa Waislamu anatajwa kwa heshima, kwa majina ambayo Mhindu angeweza kuyafahamu.

Tazama basi: mji uleule ulioonja upanga mwaka 1026 ulimpa Mwislamu kiwanja cha msikiti kabla haijatimia miaka 250. Lakini nisikufiche upande wa pili. Maandishi ya Kiarabu yana dua isiyokuwamo katika Kisanskriti, kwamba siku moja Somnath uwe mji wa Uislamu. Na mwaka 1299 jeshi la Sultani wa Delhi lilikuja, na hekalu likatekwa tena. Mwandishi wa historia hachagui jiwe limpendezalo na kulitupa lile limchukizalo, huyasoma yote.

Wasiosoma mawe yote wamefanya madhara. Mwaka 1842 Lord Ellenborough, aliyeitawala Bara Hindi kwa niaba ya Waingereza, aliamuru milango ya kaburi la Mahmud iletwe kutoka Ghazni. Alitangaza kwamba ni milango ya Somnath iliyoibwa, na kwamba sasa Wahindi wamelipiziwa kisasi. Milango ilipochunguzwa ilionekana kuwa si kazi ya Gujarat kabisa. Ni kazi ya kwao huko Ghazni. Mpaka leo imewekwa katika ngome ya Agra. Tena yafaa kujua kwamba hekalu refu utakaloliona Somnath leo si la kale. Magofu yaliondolewa baada ya uhuru wa mwaka 1947, na hekalu jipya likafunguliwa na Rais Rajendra Prasad tarehe 11 Mei 1951, ingawa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru hakupendezwa kuona mambo ya serikali yakichanganywa na ya dini. Na mwaka 1990 msafara wa kisiasa ulianzia hapohapo Somnath kuelekea Ayodhya, kudai hekalu lijengwe mahali paliposimama msikiti wa Babri. Mwaka 1992 msikiti huo ulibomolewa na umati wa watu, na katika ghasia zilizofuata wengi walikufa, ambao hata mmoja wao hakuwa amezaliwa zama za Mahmud.

Kabla hatujarudi kwetu, tupite mjini Ahmedabad. Pana msikiti mdogo uliojengwa mwaka 1573, na madirisha yake ni ya mawe yaliyochongwa kama kitambaa cha lasi. Moja lina mfano wa mti ambao matawi yake yamesukana mpaka yakalijaza dirisha zima. Ndani yake mwanga huingia taratibu, na joto hubaki nje. Aliyeujenga aliitwa Sidi Saiyyed, mtu wa asili ya Uhabeshi. Wako mpaka leo watu wa Gujarat waitwao Wasidi, ambao wazee wao walitoka Afrika, wengine wakiwa watumwa, wengine askari, wengine mabaharia. Kumbe bahari ile haikuleta watu upande huu tu.

Msomaji, nasi tunayo mawe yetu. Iko Fort Jesus mjini Mombasa, yako magofu ya Gedi, na huko Nyanza ziko kuta za Thimlich Ohinga. Siku moja atakuja mtu akuambie kwamba jiwe fulani lasema mchukie jirani yako. Usimkatalie upesi, wala usimkubalie upesi. Mwambie akuonyeshe jiwe lenyewe, ulisome. Kisha umwulize ameyaweka wapi yale mengine.