Nyuni, kuku na seli B: Jina la ugonjwa lina uzito

NIKIWA mdogo huko Kinango, mtoto akishikwa na homa kali akakakamaa viungo, wazee walinong’ona: “Huyo ana nyuni.” Nyuni ni ndege katika Kiswahili cha zamani, na iliaminika kuwa ndege ndiye aliyeuleta ugonjwa. Aghalabu ilikuwa malaria. Jina hilo lilitupeleka kwa mganga kwanza.

Binamu yangu naye alitibiwa “malaria” miaka miwili, viungo vikivimba, kabla ya kuambiwa ana lupasi. Nyumbani wakaniuliza: “Ni mdudu gani huyo?” Hakuna mdudu. Kikulacho ki nguoni mwako: kinga ya mwili imeugeukia mwili wenyewe.

Hebu tuitazame historia yake, ambayo pia ina ndege. Mnamo 1956, Bruce Glick na wenzake huko Ohio, Marekani, waliripoti kwamba kuku walioondolewa kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la haja walishindwa kutengeneza kingamwili. Kifuko hicho huitwa bursa kwa Kilatini. Ripoti ilitoka katika jarida la ufugaji wa kuku, basi madaktari wengi hawakuiona. Hata hivyo, ndiyo iliyozaa herufi B ya “seli B”. Sisi binadamu hatuna kifuko hicho. Seli zetu B huzaliwa katika uboho.

Mnamo 1968, Brian Greenwood, kutokana na kazi yake Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba maradhi ya kinga kujishambulia yalikuwa nadra huko, akashuku kuwa vimelea, hasa vya malaria, vilichangia. Mnamo 2009 watafiti walieleza, kutoka Mali, seli B za aina ya pekee zinazoongezeka kwa watu wanaopata malaria mara kwa mara. Baadaye zilionekana kwa watoto wa Kilifi, majirani zetu. Mnamo 2011 seli za jamii hiyo zilielezwa katika panya, zikihusishwa na kingamwili zinazoushambulia mwili. Zimeonekana kwa wagonjwa wa lupasi pia.

Kufanana huko hakumaanishi kwamba malaria hugeuka lupasi. Lakini “nadra” nayo haimaanishi “haipo”. Tabibu asiyeitarajia lupasi haitafuti, na mgonjwa humeza dawa za malaria mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana napendekeza tuseme wazi: maradhi ya kinga kujishambulia. Jina ni refu, nakiri. Lakini mama wa Ndavaya au Samburu akilisikia ataelewa, na hatamtafuta ndege.