Namba Ndani ya Pete

Ukiigeuza pete ya dhahabu na kuchungulia upande wa ndani, huenda ukaona namba ndogo: 375, 585, 750 au 916. Wengi wetu hudhani ni saizi ya kidole. La hasha! Ni kiasi cha dhahabu halisi katika kila sehemu 1000 za pete hiyo. Hesabu ya kale hugawa sehemu 24 ziitwazo karati, neno lenye asili ya Kigiriki, jina la mbegu ya mkarobu, lililopitia kwa Waarabu kabla ya kufika Ulaya. Kwa hiyo karati 18 ni 750, na karati 9 ni 375 tu.

Lakini namba peke yake haitoshi. La muhimu ni nani aliyeigonga. Tuchukue Uingereza. Mwaka 1300, chini ya Mfalme Edward I, sheria iliagiza walinzi wa ufundi wapite duka hadi duka wakipima kazi za masonara, na vyombo vya fedha vilivyofaa vigongwe chapa ya kichwa cha chui. Mwaka 1363 kila sonara alitakiwa awe na alama yake, ili mdanganyifu ajulikane. Kuanzia 1478 kazi za London zilipelekwa kupimwa katika ukumbi wa chama cha masonara, na ndiyo maana Waingereza hadi leo huiita chapa hiyo "alama ya ukumbi". Kwa ufupi, sonara hakuruhusiwa kujishuhudia mwenyewe.

India, ambako Kiswahili kilikopa neno sonara, mpango wa chapa ya dhahabu ulianza mwaka 2000, ukaanza kuwa wa lazima katika wilaya kadhaa Juni 2021.

Basi mama anapouza bangili yake ili alipe karo, atazame kama kando ya namba kuna alama ya ofisi ya upimaji. Ikiwa hakuna, namba hiyo ni kauli ya mtengenezaji tu. Akiona herufi GP, ajue dhahabu imepakwa juu juu. Penye shaka, amwombe sonara aisugue kwenye jiwe jeusi na kudondoshea tindikali mbele ya macho yake, kabla ya mizani. Bangili mbili za uzito mmoja, moja 375 na nyingine 750, hutofautiana dhahabu mara mbili.