Uchezeaji wa Bei na Hali ya Kampuni

Hisa zikishuka siku kadhaa mfululizo, kauli ya kwanza kusikika ni hii: kuna mkono wa mtu. Wenye hisa husema hivyo, madalali husema hivyo, na wakurugenzi wa kampuni inayohusika husema kwa sauti kubwa kuliko wote. Hawakosi sababu, kwa kuwa masoko ya hisa yamekuwa yakichezewa tangu zamani. Ila kauli hiyo inataja kosa la jinai, na anayelitaja anapaswa kujua kosa lenyewe lina sura gani.

Istilahi ninayoitumia ni uchezeaji wa bei. Wapo wanaoandika "udanganyifu sokoni", na wapo wanaopendelea "hila za soko". Zote mbili ni pana mno. Kampuni inayopika vitabu vya hesabu inadanganya. Dalali anayeuza hisa za mteja bila idhini naye anadanganya. Mkurugenzi anayenunua hisa kimyakimya kwa sababu anajua kampuni iko mbioni kununuliwa ametenda kosa la kutumia taarifa za ndani. Haya yote ni makosa, na kila moja lina jina lake. Kuchezea ni jambo jingine, na kitenzi hicho kinaeleweka na yeyote aliyewahi kusikia kwamba mtu fulani kachezea mita ya umeme: mita inasoma chini, umeme unatumika vilevile. Bei ya hisa nayo ni kipimo. Aliyeichezea amekifanya kipimo kisome kitu ambacho hakipo.

Tuseme hisa ya kampuni ndogo inauzwa shilingi 400, na kwa siku miamala yake haizidi mitatu au minne. Mtu mmoja ana akaunti mbili kwa madalali wawili tofauti. Asubuhi anatoa oda ya kuuza hisa 500 kwa shilingi 390 kupitia dalali wa kwanza, na papo hapo anazinunua kupitia wa pili. Mchana anafanya vivyo hivyo kwa 380. Hisa hazijatoka mikononi mwake, ila taarifa ya soko jioni itaonyesha kwamba bei imeshuka na kwamba wauzaji walikuwapo. Mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake kwenye hisa zile anaona namba hiyo, anaogopa, anauza kesho yake kwa 370. Anayenunua sasa ni yule yule mwenye akaunti mbili, na safari hii ananunua kweli. Njia nyingine ni kuweka oda kubwa za kuuza kisha kuzifuta kabla hazijatekelezwa, ili watu wadhani kuna shehena ya hisa inataka kutoka. Nyingine ni kueneza habari ya uongo kuhusu kampuni huku mwenezaji akiwa amejipanga kufaidika na anguko litakalofuata.

Katika mifano yote hii kuna kitendo kinachoweza kuonyeshwa, kuna uongo ndani ya kitendo hicho, na kuna nia ya kuisogeza bei. Kikikosekana kimoja kati ya vitatu hivi, istilahi haifai. Mfuko wa pensheni unaouza hisa milioni 10 kwa siku moja utaiangusha bei, lakini hisa ni zake na mauzo ni ya kweli. Mchambuzi anayeandika kwamba kampuni ina madeni mazito atawatisha wawekezaji, ila kama madeni yapo, ametoa taarifa tu. Hata yule anayeazima hisa, akaziuza leo kwa kutarajia kuzinunua baadaye kwa bei ya chini na kuzirudisha kwa mwenyewe, hajachezea chochote iwapo hakusema uongo. Wengi hawampendi mtu huyu. Mimi naona soko linamhitaji, kwa sababu ndiye pekee anayelipwa kwa kutafuta ubovu ambao wengine wote wangependa usionekane.

Kisa cha Wirecard kinaonyesha hasara ya kuchanganya mambo haya. Ilikuwa kampuni ya Ujerumani ya kushughulikia malipo ya kielektroniki, yenye makao Aschheim karibu na München. Septemba 2018 iliingia kwenye DAX, faharisi ya kampuni kubwa kabisa za nchi hiyo, ikachukua nafasi ya benki ya Commerzbank. Wakati huo thamani yake sokoni ilikuwa zaidi ya euro bilioni 20. Mwishoni mwa Januari 2019 gazeti la Financial Times la London lilianza kuchapisha habari za kughushiwa kwa hesabu katika ofisi ya kampuni hiyo Singapore. Hisa zikaporomoka. Uongozi ukakana kila kitu, ukasema kampuni inashambuliwa na walioazima hisa zake wakishirikiana na waandishi.

Mdhibiti wa masoko wa Ujerumani, BaFin, aliichukua kauli hiyo kama ilivyo. Februari 2019 alipiga marufuku kwa miezi miwili uuzaji wa hisa za kuazima za Wirecard, hatua ambayo hakuwahi kuichukua kwa ajili ya kampuni moja pekee. Aprili akapeleka kwa mwendesha mashtaka malalamiko ya jinai dhidi ya waandishi wawili wa gazeti lile, akiwatuhumu kushiriki uchezeaji wa soko. Kwa mwekezaji wa kawaida ujumbe ulikuwa wazi: serikali imechunguza, tatizo ni maadui wa kampuni, kampuni yenyewe ni nzima. Watu wakashikilia hisa zao, wengine wakaongeza.

Tarehe 18 Juni 2020 wakaguzi wa hesabu wa kampuni hiyo, EY, walikataa kutia saini hesabu za mwaka uliotangulia. Euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwekwa benki huko Ufilipino hazikuonekana, na benki mbili zilizotajwa zikasema nyaraka zilizobeba majina yao ni za kughushi. Hisa iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya euro 100 ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake siku hiyo moja. Siku nne baadaye kampuni ikakiri kwamba huenda fedha hizo hazikuwahi kuwapo. Tarehe 25 Juni ikaomba kutangazwa mufilisi. Uchunguzi dhidi ya waandishi ulifutwa mwaka huo huo, na mkuu wa BaFin akaondoka kazini mwaka 2021. Bei ya mwanzo wa 2019 ilikuwa imeshuka kwa sababu ilikuwa inaanza kusoma sawasawa.

Hapo ndipo inapokuja istilahi ya pili, ile inayotaja mambo ya ndani ya kampuni: mapato, faida, fedha taslimu, madeni, gawio, ubora wa uongozi. Vitabu vingi na kurasa za biashara huandika "misingi ya kampuni". Sina ugomvi mkubwa nayo, lakini msomaji wa Kiswahili akisikia misingi hufikiria kanuni za kushikiliwa, kama misingi ya dini au misingi ya haki, au mawe ya nyumba yasiyohama. Kinachozungumzwa hapa hubadilika kila robo mwaka. "Hali ya kampuni" ni kauli nyepesi zaidi na inasema ukweli zaidi. Mtu huuliza hali ya mgonjwa, hali ya barabara, hali ya mifuko, akitarajia jibu la leo.

Mabishano mengi hukwama kwa sababu watu huchagua kati ya uchezeaji na hali ya kampuni tu, wakasahau kwamba bei huweza kushuka bila mkono wa mtu na bila kampuni kuharibika kwa kiasi hicho. Hisa za kampuni ya simu ya Safaricom katika soko la Nairobi zilivuka shilingi 40 mwaka 2021. Mwishoni mwa 2023 zilikuwa chini ya 15. Sehemu ya anguko hilo ilitokana na hali ya kampuni: ilianza biashara Ethiopia Oktoba 2022, na kujenga mtandao mpya katika nchi kubwa kulikula faida. Lakini Wakenya hawakuacha kutuma fedha kwa M-Pesa, huduma yake ya fedha kwa simu. Kilichobadilika zaidi kilikuwa nje ya kampuni. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka uliofuata, na shilingi ya Kenya ikaporomoka kutoka takriban 113 kwa dola hadi zaidi ya 150. Mwekezaji wa kigeni alikuwa anapoteza kwenye sarafu hata pale hisa inaposimama palepale, huku hati za serikali ya Marekani zikimlipa vizuri bila wasiwasi. Akauza. Kwa kuwa wageni walishika sehemu kubwa ya mauzo ya kila siku, na wanunuzi wa ndani hawakutosha kuzipokea hisa zote, bei ikafuata. Hili liitwe kwa jina lake: kuondoka kwa wawekezaji. Anayeliita uchezeaji anamtafuta mhalifu ambaye hayupo, na anayesema kampuni imekufa hajasoma hesabu zake.

Ombi langu ni kwa waandishi wa habari za biashara na kwa madalali wanaowaandikia wateja wao. Ukitaka kuandika kwamba bei imechezewa, taja oda zipi, za siku gani, na uongo ulikuwa upi. Kabla ya hapo fungua hesabu za kampuni kwenye ukurasa wa fedha taslimu, uangalie kama faida inayotangazwa inafika benki, kisha uangalie wageni wameuza kiasi gani wiki hiyo. Ukikosa ushahidi wa uchezeaji, andika kwamba bei imeshuka, na useme sababu unazoweza kuzithibitisha.